Tunadai Kitanzi, Ushahidi Hatutoi

Jumapili moja baada ya Misa, wanaume wapatao 20 tulibaki chini ya mwembe wa kigango chetu hapa Mkula. Wiki ile wakala mmoja wa pesa za simu alikuwa amevamiwa usiku akifunga kibanda. Walimpiga gobore la mguuni na kuondoka na fedha zote za siku. Yeye alipona, mguu haukupona. Basi kila aliyesimama alisema lile lile: sheria ni laini, mahakama ni laini, majambazi wanyongwe hadharani, watoto wetu waone. Mmoja akapendekeza tuchange fedha mlinzi wa soko apatiwe bunduki. Mwingine akajibu hakuna haja ya kuchanga, yeye anamjua fundi. Watu wakacheka, na kilikuwa kicheko cha watu wanaojua kwamba fundi huyo yupo.

Mimi nilinyamaza. Ninaandika haya kwa kuwa nilinyamaza siku ile, na ukimya wa mzee wa kanisa mbele ya vijana huhesabiwa kuwa kibali.

Msimamo wangu hautawapendeza wengi waliokuwa pale. Silaha zilizofichwa majumbani mwetu ziondoke, zote, na hata mwenye kibali aulizwe tena anaishikia nini. Na kelele zetu za kutaka adhabu kali zaidi ni kelele za watu wanaokwepa kazi iliyo mbele yao. Ukali tunao tayari. Tumeukalia.

Tuanze na hili la sheria laini, maana ndilo linalorudiwa sana na ndilo lenye uongo mwingi. Kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayeiba akiwa na silaha, hata kama ni panga au rungu, akipatikana na hatia hafungwi chini ya miaka 30. Kijana wa miaka 22 akiingia leo anatoka akiwa na miaka 52, kama atatoka. Mbakaji, tangu Bunge lilipopitisha sheria ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998, hafungwi chini ya miaka 30, na kama mtoto ana umri chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Aliyeua kwa kukusudia, hakimu hana la kuchagua: ni kunyongwa. Ndugu yangu, ni sheria gani nyingine unayoitaka? Umechunguza iliyopo?

Wala ukali si jambo jipya kwetu. Wazee wenzangu wanaikumbuka Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963. Mwizi wa ng'ombe au mvunja nyumba alipewa kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka, ili mkewe amwone jinsi anavyotembea. Je, wizi wa ng'ombe ulikoma? Haikupita hata miaka 20, Wasukuma wakalazimika kuunda sungusungu kwa sababu ng'ombe walikuwa wanaporwa mchana. Ukali ulikuwapo kwenye kitabu. Aliyekosekana ni wa kumkamata mwizi na wa kusimama kumshuhudia.

Mhubiri aliliona jambo hili kabla ya bunge lolote. Soma sura ya 8, aya ya 11. Anasema moyo wa mwanadamu unapata ujasiri wa kutenda mabaya kwa sababu hukumu ya tendo baya haitekelezwi upesi. Hasemi kwa sababu hukumu ni ndogo. Anasema upesi. Jambazi wa huku bondeni hakai na kalamu akipiga hesabu ya miaka 30 dhidi ya miaka 15. Anajiuliza swali moja tu: nitakamatwa? Akijua kwamba walioniona hawatasema, hata ukiandika miaka 300 ni wino.

Sasa nirudi kwa wakala wetu. Watuhumiwa walikamatwa, vijana 2. Yupo mtu aliyewaona wakikimbia kupita kwake, akawatambua mmoja kwa sura na mwingine kwa jina. Mtu huyo alikuwa chini ya mwembe siku ile, na sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote katika kudai kitanzi. Akaitwa mahakamani mara ya kwanza, akasema ana msiba. Mara ya pili, mpunga unaota kwenye magunia. Mara ya tatu hakusema kitu. Shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena, na mwishowe wale vijana wakarudi nyumbani wakiwa wamenenepa kidogo. Wanapita barabarani. Wakala anawaona wakipita, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki na mguu ameunyoosha.

Nilimwendea yule ndugu. Tuliongea nyumbani kwake, wawili tu.

"Mzee," aliniambia, "mimi nina watoto wanaotembea kwenda shule. Hao vijana nyumbani kwao ni hapo, ukivuka mfereji. Nikishasema, polisi watakuja kulala kwangu?"

"Hawatakuja," nilimjibu.

"Sasa?"

Sikuwa na jibu. Nakiri hivyo mbele ya waamini wote. Ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini ulinzi wa kwenye karatasi na mlango wa nyumba ya tope usiku wa manane ni vitu viwili. Hofu yake ni ya kweli, na yeyote anayemcheka hajawahi kukaa jirani na mtu aliyemshuhudia. Lakini sheria ya Mungu haikumwacha shahidi nje. Mambo ya Walawi, sura ya 5, aya ya kwanza kabisa: aliyeona au anayejua jambo, akaitwa kushuhudia naye akanyamaza, atauchukua uovu wake. Tunaungama kusengenya, tunaungama kukosa Misa. Sijasikia mtu akihubiri wala kufundisha kwenye mafungo ya Kwaresima kwamba kukimbia kizimba cha ushahidi ni dhambi.

Na kama ni dhambi ya mtu mmoja, sisi wengine tulikuwa wapi? Akifiwa, jumuiya nzima inakesha kwake. Akioza binti, tunabeba masufuria. Akiitwa mahakamani, anapanda gari peke yake kwa nauli yake, na kule nje ya mahakama anawakuta ndugu wa mshtakiwa wamejipanga 15 wakimkodolea macho. Hapo ndipo kesi nyingi zinapokufia, pale kwenye benchi la nje, kabla hata jalada halijafunguliwa. Watu 10 wa jumuiya wakikaa kwenye benchi lile wakiwa na rozari mikononi, bila neno wala fujo, mambo hubadilika. Ndugu wa mshtakiwa watajua kwamba aliyesema si mmoja. Huwezi kulipiza kisasi kwa kijiji.

Lipo jambo lingine zito zaidi, nalo nitalisema bila kuzungusha. Kuna makosa katika vijiji vyetu ambayo hayafiki hata polisi. Mtoto wa kike anaharibiwa na mjomba, au na mpangaji, au na mtu anayeheshimika. Mama anaenda kuchukua PF3, na kabla hajarudi wazee wa pande mbili wameshakaa. Linatajwa neno tamu sana, kumalizana. Yanahesabiwa magunia ya mpunga, labda na mbuzi, na mtoto anahamishiwa kwa bibi yake Mahenge. Wazee hao nawajua. Baadhi wanapokea Komunyo mbele yangu. Na ndio hao hao wanaosema mbakaji ahasiwe.

Nimejiuliza kwa nini, na jibu nililopata halitawafurahisha wapenda ukali. Wanamalizana hasa kwa sababu adhabu ni kubwa. Shangazi anasema, kweli kafanya ubaya, lakini miaka 30? Nani atawalisha watoto wake? Ukubwa wa adhabu unageuka kisingizio cha kuificha. Ukiongeza ikawa kunyongwa, utaongeza magunia ya mpunga, na mtoto atanyamazishwa zaidi. Mimi sisemi tupunguze miaka ya mbakaji, wala siku moja. Nasema anayedai iongezwe wakati anaketi kwenye vikao vya kumalizana anaudhihaki Msalaba.

Huku mwizi wa kuku hana wa kumalizana naye. Mwizi wa kuku, wa baiskeli, wa betri ya sola, yule tunamchoma. Hatuhitaji shahidi, hatuhitaji hakimu, kila mtu ana jiwe. Baadaye tunasema ni wananchi wenye hasira kali, kama kwamba wananchi hao walishuka na mvua. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katika kundi la namna hiyo, si hapa kijijini. Sikumpiga yule kijana. Nilisimama tu nikatazama, nikarudi nyumbani nikala. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinatenganisha mambo kwa uangalifu wa ajabu: mwizi akipigwa na kufa usiku akivunja nyumba, mwenye nyumba hana hatia ya damu, lakini jua likiwa limeshachomoza, hatia ipo. Musa aliweka mpaka kati ya kujitetea gizani na kuua mtu aliyekwisha kukamatwa na anayeonekana uso. Kijana yule alikuwa ameshafungwa kamba. Ilikuwa saa 4 asubuhi.

Basi niingie kwenye bunduki, nianze na ya nyumbani kwangu, kwa kuwa mtu hawezi kutoa kibanzi cha jirani.

Marehemu baba yangu alikuwa na gobore. Mtutu wake ulitokana na bomba la maji, kitako ni mti wa mninga, na risasi zilikuwa vipande vya nondo. Alipigia nguruwe pori waliokuja shambani usiku, na siku nyingine, tuseme ukweli, alipandisha nalo mlimani Udzungwa, kabla na hata baada ya kutangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, akarudi na kitoweo ambacho hatukukiuliza jina. Alipofariki liliingia kwenye kenchi la nyumba yangu. Halikuwa na kibali. Nilijiambia ni kumbukumbu ya mzee. Kila serikali ilipotangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, na Umoja wa Afrika wenyewe umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kwa kazi hiyo, nilisikiliza redio chini ya kenchi lile lile na kufikiri wanawaambia watu wengine.

Lililonishtua ni mjukuu wangu. Nilimkuta juu ya meza, na juu ya meza ameweka stuli, anapapasa kule juu. Alikuwa na miaka 8. Alijua lilipo kuliko nilivyodhani. Kipindi cha msamaha kilichofuata nililifunga kwenye gunia, nikampelekea mtendaji, tukaenda naye polisi. Hakuna aliyenipiga kofi, hakuna aliyeniuliza swali la pili. Nilirudi nikiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kitubioni.

Najua kwa nini wengi hawaendi. Bonde hili linaikumbuka Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, iliyoanza kwa kutafuta majangili na silaha na ikaishia kwa mateso na vifo, mpaka ikasimamishwa na mawaziri 4 wakaondolewa Desemba ile. Mtu aliyeona hayo hawezi kuamini gunia na mtendaji kirahisi. Lakini ndiyo sababu nasema kanisa litangulie. Paroko akitangaza, na katekista na mwenyekiti wa jumuiya wakamsindikiza mtu, hofu hupungua. Ni benchi lile lile la mahakamani, limehamia kituo cha polisi.

Wanaopinga wana hoja 2. Ya kwanza ni tembo. Wanashuka, wanakula mpunga na migomba, na mkulima afanye nini? Nawaheshimu, na mimi nimelala kwenye dungu nikipiga debe. Lakini gobore halimwondoi tembo. Linamjeruhi, na tembo aliyejeruhiwa harudi mlimani, anakuja kwako. Wenzetu wa Mang'ula walijaribu uzio wa mizinga ya nyuki kando ya mashamba, na nyuki walifanya ambalo gobore halikuwahi kufanya, tena wakatoa asali.

Hoja ya pili ni kujilinda, na hapa wanaleta Injili ya Luka, sura ya 22, ambako mitume walionyesha panga 2 na Bwana akasema zatosha. Waisome sura hiyo hadi mwisho. Usiku ule ule mmoja wa panga hizo ulichomolewa, ukakata sikio la mtumishi, na kazi ya mwisho ya uponyaji aliyoifanya Yesu kabla ya kufungwa ilikuwa kurekebisha uharibifu wa rafiki yake mwenye silaha. Tena Petro alilenga vibaya. Sikio! Mtu aliyezoea nyavu amepewa upanga gizani, akamkosa askari, akamkata mtumwa. Bunduki ya mlinzi wetu wa soko ingelenga nani usiku ule, katikati ya vibanda, watu wakikimbia?

Na silaha haina mwenyewe. Mwezi Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi Stakishari, Dar es Salaam, wakaua askari na kuchukua bunduki. Kama bunduki iliyo mikononi mwa askari, ndani ya kituo, inaweza kunyang'anywa, ya mlinzi wa soko la Mkula italindwa na nani? Aprili 2017 askari 8 waliuawa kwa risasi Kibiti, huko Rufiji ambako maji ya mto wetu Kilombero yanaishia, katika kipindi ambacho wenyeviti wa vijiji na watendaji walikuwa wakifuatwa majumbani na kuuawa. Padre Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar asubuhi ya Jumapili, tarehe 17 Februari 2013, akienda kuadhimisha Misa. Kila bunduki iliyofanya kazi hizo ilianza safari yake mahali fulani kama mali halali ya mtu au ya taasisi, au kama siri ya fundi ambaye jirani zake walicheka tu.

Babu zetu wa bonde hili na wa Mahenge waliikabili boma ya Wajerumani tarehe 30 Agosti 1905 wakiamini maji yatageuza risasi. Walifyekwa na bunduki za rashasha. Tunawasimulia kwa huruma, kama watu walioamini kitu kisicho na nguvu. Sisi tunaamini bomba la maji lililotobolewa.

Kuhusu kitanzi nitasema machache, kwa kuwa Kanisa limeshasema. Mwaka 2018 Papa Fransisko aliagiza kipengele cha 2267 cha Katekisimu kiandikwe upya, nacho sasa kinafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Hapa kwetu Jaji Mwalusanya aliitamka kuwa kinyume cha Katiba mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka uliofuata. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha nayo ilitoa hukumu mwaka 2019 dhidi ya kumlazimisha hakimu kuitoa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini, na Rais Magufuli, ambaye hakuna aliyemwita laini, alisema waziwazi mwaka 2017 kwamba hawezi kutia saini. Kwa hiyo anayedai kitanzi anadai kitu ambacho marais wetu wamekitazama mezani wakaweka kalamu chini.

Msinielewe kwamba msamaha maana yake ni kufungua mlango wa gereza. Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, na baada ya siku 4 akiwa kitandani alitangaza kwamba amemsamehe aliyempiga. Desemba 1983 alimfuata gerezani, wakakaa viti viwili vimekaribiana, wakanong'ona. Kisha Papa akatoka, na yule mtu akabaki katika magereza ya Italia hadi mwaka 2000. Nimeiona picha ile katika ofisi za maparoko wengi. Watu wanaikumbuka sehemu ya viti na kusahau kwamba mlango ulifungwa tena. Mhalifu afungwe. Afungwe kwa ushahidi, upesi, na atembelewe. Hilo la kutembelewa nalo tumelisahau, ingawa Mathayo 25 tunaijua kwa moyo.

Nimeyasema haya kwenye jumuiya yetu, na si wote waliokubali. Mmoja aliniuliza kama majambazi wangemvamia mjukuu wangu ningeandika hivi. Nilimwambia sijui. Mwingine, mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, hakuuliza kitu, ila alinifuata njiani. Mwanawe alikatwa panga kwenye ugomvi wa zamu ya maji katika skimu yetu ya umwagiliaji, na shauri limepangwa kusikilizwa Ifakara baada ya mavuno. Shahidi ni mmoja, na ameanza kusema ana msiba.

Tumeanza kuandikisha watu wa kwenda kukaa kwenye benchi. Mpaka naandika tupo 4. Yule ndugu wa wakala jina lake ni la tatu, ameliandika mwenyewe, kwa penseli.